Fungu la Butoyi

Ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa kusini,
kwenye banda la chai karibu na kivuko.

Kwa Dada Skola, Simbo.

Shikamoo Dada. Mimi mdogo wako Kiza nipo, mwili mzima, ila mbavu zinauma kwa mashimo ya barabara, na hizi ni mbavu za mwanaume aliyeendesha pikipiki kutoka Kalya mpaka hapa bila kuanguka hata mara moja. Waulize madereva wa huku, watakwambia jambo hilo halijapata kutokea. Wewe hujambo? Shemeji kifua chake kimetulia? Mama je, jicho la kulia bado linamwonyesha mlango au nalo limefunga? Muhogo wa bondeni mmeshauchimba, au mmewaachia nguruwe kama mwaka ule? Nauliza yote haya na majibu siyapati, lakini mtu haanzi barua kwa kubisha mlango kwa teke.

Sasa nisikilize kabla hujaendelea. Barua hii nimempa dereva wa fuso ya mawese, yule mrefu anayeitwa Songoro, na nimemwapisha aitie mkononi mwako wewe, si mwa mtu mwingine. Kama Mama yuko karibu, ikunje, itie ndani ya kitenge, nenda nyuma ya jiko kwenye ile michikichi, ukae chini. Hapo ndipo usome. Najua unajiuliza kwa nini Kiza mwenye simu ya laini mbili anaandika kwa kalamu kama mtu wa enzi za mkoloni. Ni kwa sababu simu yenu anayo Mama. Anaivaa shingoni kwa kamba, na kila anayepiga lazima awekwe kwenye spika ili yeye asikie, na akisikia yeye wamesikia majirani wote mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mara ya mwisho nilipopiga aliuliza, "Butoyi yuko wapi, mbona hasemi?" Nikajibu mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Butoyi ametutoka, Dada.

Nimeandika hapo nikaacha kalamu, nikanywa chai yote, nikarudi. Butoyi wetu, kaka yangu, pacha wa Bukuru, aliyekuwa akikuletea samaki wa migebuka na sabuni, ametutoka. Soma tena kama hukuamini, maana najua neno likitoka kwangu watu hulionja kwanza. Hili halina chumvi.

Ilikuwa siku za mwisho kabla ziwa halijafungwa ili samaki wazae. Kambi nzima ya wavuvi kule Kalya ilikuwa mbio, kila mtu anatoa mzigo wake. Asubuhi Butoyi alikuwa ufukweni anapakiza magunia yake ya dagaa na kuwatania wabebaji, anamwambia mmoja, "Wewe unabeba gunia kama unambeba bibi harusi!" Halafu akasema kichwa kinamgonga. Akakaa juu ya gunia. Akamwambia Bukuru, "Mkubwa, niletee maji." Unakumbuka alivyokuwa akimwita Mkubwa kwa zile dakika ambazo Bukuru alitangulia kuzaliwa. Bukuru akaenda na kikombe. Kurudi akamkuta bado amekaa vile vile, mgongo umeegemea magunia, uso ameuelekeza ziwani, na ameshaondoka. Mganga wa zahanati alisema presha. Mimi nilikuwa nafungua mashine ya boti ya watu, nikasikia wanawake wanaoanika dagaa wamenyamaza wote pamoja. Wale hawanyamazi, Dada. Nikajua.

Tulimzika huko huko, juu ya kambi, mahali panapoona maji. Katekista alisoma vizuri, na watu walijaa mpaka ufukwe ukawa hauna pa kuegesha mtumbwi. Hata Wakongo walivuka kuja. Alikuwa mtu wa watu.

Utauliza kwa nini hatukuleta habari siku ile ile. Sababu ya kwanza unaijua. Kwetu habari ya kifo cha pacha haitangulii kwa mdomo wa mtu mwingine, huletwa na pacha mwenzake, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka mbele ya mama yao. Sababu ya pili ni huyo pacha mwenyewe. Bukuru hakutaka kutoka kambini. Ziwa lilifungwa, nyavu zikakunjwa, watu wakahama, mabanda yakabaki matupu, tukabaki yeye na mimi na mbwa wawili wa watu. Na hakuwa anakula.

Hapa nikukumbushe ya Bibi, maana mambo yote yamekaa hapo. Kitu cha pacha hugawanywa mara mbili, sawa kwa sawa, hata kama mmoja hayupo. Mama mpaka leo akija pacha mmoja anapakua sahani mbili. Hilo kila mtu wa kwetu analijua. Lakini lile la pili Bibi alilisema mara moja tu, tulipokuwa tunapukuchua mahindi, nadhani na wewe ulikuwepo. Alisema pacha mmoja akitangulia, fungu lake haliliwi na mtu. Linangoja. Mama mzazi ndiye huyachukua mafungu mawili, akayachanganya katika sahani moja kwa mkono wake, akamwita aliyebaki kwa jina lake, akamwambia kula. Kabla ya hapo aliyebaki anakula kama mwizi.

Basi ndivyo ilivyokuwa kambini. Bukuru anapika, anagawa mara mbili, moja anaifunika. Ya kwake anaichokoachokoa, anaiacha. Amekwisha, Dada. Yule Bukuru aliyekuwa akivuta wavu peke yake, sasa suruali anaifunga kwa kamba. Siku moja nikamwambia, "Kaka, panda, twende kwa Mama." Nilijiandaa kubishana mpaka jioni. Akapanda.

Pikipiki yangu unaijua kwa sifa. Ni ile ya Kichina niliyoifumua mashine nikaifunga upya kwa akili yangu, mpaka aliyeitengeneza akiiona atauliza ni ya nani. Kile kilima cha mawe ambacho vijana wa bodaboda hushuka wakasukuma, mimi nilikipanda nimekaa, huku napiga mluzi. Pembeni walikuwepo nyani, na mmoja, dume kubwa, alisimama kwa miguu miwili tulipopita. Nikamwambia Bukuru, "Umeona? Ameniamkia." Siku zote angenijibu, "Kiza, mwogope Mungu." Safari hii hakujibu.

Hujapata kuliona ziwa lilivyo sasa. Lilikuwa kushoto kwetu safari nzima, buluu, tupu, hakuna mtumbwi hata mmoja, na milima ya Kongo imefichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kulia ni msitu mkavu, majani yanadondoka yenyewe bila upepo. Barabara inaingia msituni, inakaa humo mpaka unasahau kama kuna watu duniani, halafu inakutupa katika kijiji, michikichi, migomba, mihogo imeanikwa juu ya mawe, watoto wanakimbia nyuma yako wakipiga kelele, kisha msitu tena. Butoyi aliijua barabara hii shimo kwa shimo. Miaka yote aliyopeleka dagaa bara na kurudi na mawese, alipita hapa, wakati Bukuru yuko majini na mimi niko ndani ya mashine za watu. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilidhani tunakwenda nyumbani tu. Kumbe tulikuwa tunapita sebuleni kwa Butoyi.

Kijiji cha kwanza kikubwa tuliwakuta wanawake wanachemsha mawese kwenye mapipa kando ya barabara. Mmoja, anaitwa Mama Sada, akatupa mwiko.

"Butoyi! Yewe Butoyi! Unapita hata salamu hutoi?"

Habari ilikuwa haijafika, maana tangu ziwa lifungwe magari ya dagaa hayapandi huko. Bukuru akashuka. Mama Sada akamzunguka kama anayenunua mbuzi.

"Mbona umekonda hivi? Wamefunga ziwa, na tumbo lako wamelifunga?"

Nikafungua mdomo. "Mama Sada, huyu siye..."

"Kiza, wewe nyamaza. Mwaka jana uliniambia umevuta boti kwa meno."

Wanawake wote wakacheka, Dada, wakashika mbavu. Na lile la boti ni kweli, ila ilikuwa kamba, na boti ilikuwa ndogo. Bukuru akawaangalia wanavyocheka, wamefurahi kumwona Butoyi. Akatia mkono wa kushoto mfukoni, ule wenye kidole kilichokatwa na kamba ya wavu. Akasema polepole, "Safari tu, Mama Sada."

Safari tu. Hilo ndilo lilikuwa jibu la Butoyi kwa kila kitu, akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa na furaha.

Mama Sada akaleta chupa mbili za mawese. "Moja yako, moja ya Mkubwa wako."

Nilipowasha pikipiki nikasema, "Kaka, tungewaambia." Akajibu, "Waache wafurahi, wana kazi ngumu." Nikaona ni huruma, nikaondoa pikipiki. Lakini kijiji kilichofuata wakamwita tena Butoyi, wakampa mananasi mawili, na safari hii alijibu haraka. Mbele zaidi wakampa kuku wawili, nikawafunga kwenye usukani, wakawa wanapiga kelele kila shimo. Kila mahali vitu viwili, sawa kwa sawa, na kila mahali wanauliza, "Bukuru hajambo?" naye anajibu, "Hajambo." Pikipiki ikaanza kuyumba nyuma kwa uzito. Halafu mahali fulani kijana mmoja mpiga matofali alimrushia neno, na nyuma yangu nikasikia sauti inamjibu, "Wewe unapanga matofali kama unampangia mama mkwe vikombe!" Wote wakaangua kicheko. Dada, ile ilikuwa sauti ya Butoyi. Hata vile alivyokuwa akivuta pumzi mwisho wa utani. Niligeuka kumtazama, tukakaribia kuingia korongoni, na hapo ujue ni mikono yangu tu iliyotuokoa.

Jioni ile jua halijazama tulifika kwa Mzee Nyandwi. Ni mzee aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akapata shamba, akazeekea hapo. Butoyi alikuwa akilala kwake akipita na mizigo. Alitoka kwenye migomba na panga mkononi, akalitupa chini, akamkumbatia Bukuru, akamsalimu kama mwanawe.

"Amahoro, mwana wanje. Nimekungoja."

Tukakalishwa. Ukaletwa ugali wa muhogo, mgebuka mkavu uliopikwa na mawese, na bakuli la pilipili mbichi, ndogo zile, maana Butoyi alikuwa akizitafuna kama karanga. Bukuru unamjua. Bukuru pilipili hata harufu haitaki, utotoni ulikuwa ukimpikia kwenye chungu cha peke yake. Basi nikamwona anachukua moja, anatia mdomoni, anatafuna. Akachukua ya pili. Machozi yakaanza kumtoka. Mzee akacheka, "Za kwenu Simbo na hizi za kwangu, zipi kali?" Kisha akauliza, kama walivyouliza wengine:

"Na Bukuru? Hajambo huko majini kwake?"

Bukuru akameza. Mkono wa kushoto ameuficha chini ya goti. Akasema, "Bukuru amefariki, Mzee."

Mimi tonge liliniangukia.

Mzee Nyandwi aliweka mikono kichwani. "Lini?"

"Kabla ziwa halijafungwa. Alisema kichwa kinamgonga. Akaomba maji."

"Ulikuwepo?"

"Nilikwenda kuyaleta."

Mzee akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye vumbi. Akalia, Dada. Mzee mzima yule. Akasema, "Yule mkimya. Alipita hapa mara moja tu, miaka imepita, mvua inanyesha, akaona paa langu linavuja. Hakusema kitu. Asubuhi natoka namkuta juu, anaezeka. Nikampa chakula akala, nikampa ndizi akakataa. Sikumwona tena. Kila mvua ikinyesha namtaja." Akatuonyesha paa. Bukuru akalitazama paa aliloliezeka mwenyewe, machozi yanashuka, na watoto wa Mzee wanasema, "Mleteeni maji, pilipili imemzidi."

Asubuhi Mzee alitupa mikungu miwili ya ndizi. Mmoja akamkabidhi Bukuru kwa mikono miwili. "Hili ni fungu la marehemu. Msile njiani. Mpelekeeni mama yenu, yeye ndiye wa kuunganisha." Kumbe na wao wanayo desturi hii ya fungu.

Tulipokuwa mbali na masikio ya watu nikazima pikipiki katikati ya msitu. Nikashuka. Nikamwambia, "Kaka, umefanya nini?"

Akasema, "Nimesema wazi. Tukifika kwa Mama nitasema vile vile."

"Utasema umekufa?"

"Mama anaye Butoyi, Kiza. Butoyi ndiye anayekwenda na sabuni na kitenge, ndiye anayemchekesha. Mimi mara ya mwisho nilimwona lini? Macho yake yameondoka, mimi sijaenda. Afe yule asiyekuja. Nani atapungukiwa?"

Nikamwambia Mama ana mikono, atashika kile kidole. Akajibu atamwambia kilikatwa mwaka huu. Alikuwa amelipanga lote. Kisha akasema jambo ambalo halijatoka akilini mwangu mpaka ninapoandika. Akasema, "Wewe ndiye fundi wa kutunga. Maisha yote sijakuomba kitu. Nitungie namna Bukuru alivyokufa, iwe nzuri, Mama asiumie sana."

Na Dada, nilijaribu. Ukinipa kazi ya maneno siikimbii. Nilianza kuitunga kichwani naendesha, nikaweka dhoruba, nikaweka boti mbili, Bukuru anaokoa watu, kisha mwenyewe anashindwa kurudi. Ilikuwa nzuri, nusura niiamini mwenyewe. Nikafika pale ambapo Mama angeuliza, "Mwanangu alisema nini mwisho?" Hapo mashine ya kichwani ikazimika. Kwa sababu niliyajua maneno ya mwisho ni ya nani, na aliyeambiwa alikuwa amekaa nyuma yangu, ameshika mikungu miwili ya ndizi.

Nikasimama tena. Nikamwambia, "Siwezi." Akauliza, "Kiza, wewe ushindwe uongo?" Nikamwambia, "Mzee Nyandwi jana alikuwa anamlilia nani? Si ulisema hakuna atakayepungukiwa? Na Mama akichanganya mafungu, akaita 'Butoyi, njoo ule,' utakwenda kula kwa jina la mtu aliye kaburini? Na Bukuru ataitwa na nani? Atakaa na njaa mpaka lini?"

Alinisukuma kifuani nikaenda kukaa kwenye majani. Ujue ningetaka ningeinuka nikamwonyesha, nguvu ninazo, lakini yule ni kaka. Akaanza kutembea mbele peke yake, na chupa za mawese mkononi. Nikawasha pikipiki nimfuate, mnyororo ukakatika. Mnyororo nilioufunga kwa mikono yangu. Hilo usimwambie mtu Simbo.

Basi tukaja hivyo mpaka hapa. Yeye mbele, mimi nyuma nasukuma, kuku, mananasi, ndizi na vumbi. Alikuwa akifika kwenye mwinuko anasimama bila kugeuka, ananingoja nimfikie, anasukuma na mimi mpaka juu, halafu anatangulia tena. Tumefika kivukoni jana. Kuna kijana wa hapa amevuka kwenda Ilagala kutafuta mnyororo. Ukipatikana, kesho au kesho kutwa tuko Simbo.

Ndiyo maana ninakuandikia, na sasa soma polepole. Habari usimpe Mama. Hiyo ni ya pacha mwenyewe kuileta, na mimi sitaki tuivunje desturi ya Bibi kwa woga wangu. Wewe mwambie neno moja tu, leo hii, umkalishe umshike mikono. Mwambie, "Anayekuja ni Bukuru." Basi. Usiongeze. Mama si mtoto. Mtu akimwambia nani anakuja, atajua mwenyewe nani haji. Akitaka kulia, alie kabla hatujafika. Na tukiingia uani amwite kwa sauti kabla Bukuru hajafungua mdomo, kabla hajasema lile neno alilolibeba njia nzima. Akishaitwa jina lake na mama yake, simwoni mwanaume wa kusimama pale akasema siye.

Halafu usipakue sahani mbili. Weka tayari ile sahani kubwa ya bati yenye maua. Vitu tunavyo, mawese, kuku, ndizi, kila kitu kimetimia viwili viwili, havijaguswa. Kuku mmoja amedhoofika, nampa maji kwa kiganja.

Utasema, Kiza, kwa nini usimpigie Mama umwambie mwenyewe? Nikisema mimi Mama atacheka. Atasema, "Kiza mwanangu, punguza chumvi." Nimemchekesha miaka yote hiyo kwa simu, napenda kumsikia akicheka, lakini safari hii nikimsikia anacheka nitakufa nimesimama. Kwa hiyo nakuomba wewe, anayeaminika.

Kuhusu Butoyi mwenyewe nimeandika kidogo, naona. Nilifikiri nitaandika mengi. Hakuacha mke wala mtoto, na Bukuru ni vile vile, ndiyo maana hakuna wa kumshika mkono huyu ila wewe na mimi na Mama. Kaburi tumelizungushia mawe meupe ya ufukweni. Tutakapokwenda wote nitakuonyesha njia.

Nisalimie shemeji, mwambie pikipiki aliyosema haitafika Kalya imefika na inarudi. Nisalimie mpwa wangu fundi cherehani wa Ujiji, mwambie mjomba wake anahitaji suruali, na ya mjomba wake Bukuru aipunguze kiunoni. Yule mpwa wa Rusimbi anayeuza mitumba, mpe pole ya kuuguliwa na mtoto. Jirani yetu mama muuza maandazi asiambiwe kitu mpaka tufike, maana yeye ni spika bila simu. Na Mama, mshike miguu kwa niaba yangu.

Nilikuwa nimeshaikunja hii, Songoro anapiga honi, Bukuru akaja akakaa karibu nami kwenye benchi. Tangu msituni hakuwa amesema nami. Akauliza, "Unamwandikia Dada?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi umeniandika nani?"

Nikaikunjua barua, Dada. Nikamwambia, "Nimekuandika Bukuru."

Muuza chai akaosha vikombe vyote akamaliza. Ule mkono wa kushoto akautoa mfukoni, akauweka juu ya meza. Halafu akasema, "Mwambie Dada asitie pilipili."

Ndimi mdogo wako anayekuja nyuma ya barua hii,
Kiza, fundi mashine.